Sababu ya Kuondoka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Janine Tolley alipanda juu ya kiti akafuta ukuta. Ukungu ulianzia kwenye pembe ya dari, juu ya dirisha, mweusi, wenye manyoya kama ngozi ya panya, ukateremka nyuma ya kitanda hadi kwenye zulia. Alitumia tambara la jikoni na dawa ya madoa aliyoichota kwa kopo la jemu kule kwenye dobi la nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi. Ukuta ulibaki mweupe hadi alasiri. Jioni ukungu ulikuwa umerudi, mahali palepale, kama mtu aliyetoka kidogo dukani.

Binti yake Bryony, mwenye miaka minane, alikaa katikati ya kitanda, koti mwilini, magoti kidevuni, akingoja harufu ya dawa ipungue ndipo avute pumzi. Walikuwa na kitanda kimoja, meza moja, birika la umeme, na choo walichotumia pamoja na vyumba vinne vya ghorofa ile. Chumba namba kumi na tisa, Hoteli ya Wenlow, mjini Brackenford. Hoteli hiyo ilikuwa haijapokea mgeni wa kulipa kwa hiari yake kwa miaka sita. Vyumba vyote ilivikodi halmashauri, ikaviita makazi ya muda.

Waliingia tarehe tisa Novemba. Nyumba waliyopanga kwa miaka saba mwenyewe aliiuza. Janine hakugombana na mtu wala hakuchelewesha kodi, aliletewa barua ya miezi miwili tu, na miezi miwili ilipokwisha wakaja watu wa mahakama kubadilisha kitasa. Afisa wa makazi aliyewapokea aliitwa Clive Pettifer, mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye kalamu nne mfukoni mwa shati. Alimweleza Janine kwamba sheria hairuhusu familia yenye mtoto kuwekwa katika hoteli ya namna ile zaidi ya wiki sita. Faili lao lingechunguzwa, uamuzi ungetoka, wangepewa nyumba.

"Wiki sita hazitafika, Janine," alimwambia. "Kwa hilo ondoa wasiwasi."

Zamani pumu ya Bryony ilikuwa kitu cha kusahau. Dawa ya kuvuta aliitumia kabla ya mchezo wa kukimbia shuleni, basi. Pale Wenlow aliivuta mara nne kwa siku, kisha mara sita. Janine alipiga simu halmashauri kila Jumatatu wakati wa mapumziko ya chai, akiwa amesimama kati ya mashine mbili za kufulia, kidole kimoja sikioni. Wiki ya tatu akaja kijana mmoja na kamera, akapiga picha ukuta, akawaambia unyevu ule unatokana na wakaaji wenyewe: wanachemsha maji, wanaanika nguo ndani, wanafunga madirisha. Wafungue madirisha. Ilikuwa Desemba, na nje barafu ilikuwa imeshika kwenye vioo vya magari.

Alipoondoka, Bryony alimtazama mama yake. "Kwa hiyo wanataka tuache kupumua?"

Walicheka wote wawili, mpaka kicheko cha mtoto kikageuka kikohozi.

Tarehe kumi na saba Desemba alilazwa hospitali. Alilala huko siku mbili, usiku wa kumi na saba na wa kumi na nane, na mpira wa hewa puani. Daktari aliandika barua kwamba mtoto huyu asirudishwe katika chumba kile. Janine aliipeleka ofisini mwenyewe. Msichana wa dirishani akaigonga muhuri, akasema Bwana Pettifer yuko likizo ya Krismasi, itamkuta mezani. Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Tarehe kumi na tisa wakarudi chumba namba kumi na tisa. Siku mbili baadaye wiki sita zilitimia, na hakuna aliyepiga simu.

Krismasi waliila kitandani. Dorota, mwanamke wa Kipolandi aliyekaa mapokezi, aliwapandishia keki ya njugu na soksi za sufu zenye michirizi myekundu. Bryony alizivaa mikononi akafanya vikaragosi vinavyozungumza.

Tarehe tatu Januari, kabla ya kupambazuka, alikaa wima ghafla akashika bega la mama yake. Hewa haikuingia. Gari la wagonjwa lilikuja baada ya dakika kumi na tisa. Hakufika wodini.

*

Wenzake Janine wa dobi walichangishana wakamzika mtoto. Baada ya mazishi Janine alirudi Wenlow, kwa kuwa ndiko mabegi yalikokuwa, na ndiko alikoandikwa. Alilala upande wake wa kitanda. Upande wa pili aliuacha kama ulivyo, shuka imekunjwa kwa namna ilivyokunjwa alfajiri ile. Asubuhi alichemsha maji ya vikombe viwili. Akishayamimina ndipo alipokumbuka, naye akakinywa cha pili kikiwa kimepoa, akiwa amesimama dirishani. Aliendelea kupanda kiti na kufuta ukuta. Hakujua anamfutia nani. Lakini siku aliyouacha, alirudi kutoka kazini akaukuta ukungu umeshuka hadi usawa wa mto wa kulalia, akauanza upya kwa nguvu hadi rangi ikabanduka.

Kikohozi kilibaki. Alikisikia kwenye mabomba hita ilipowaka, kikavu, mara mbili mbili, na kila mara mwili wake ulikuwa umekwisha kugeuka kutafuta dawa kabla akili haijamkataza.

Barua ilikuja tarehe kumi na nne. Ilikuwa uamuzi uliosubiriwa tangu Novemba, kurasa nne. Aliisoma akiwa amekaa ngazini. Halmashauri ilikiri kwamba hana makazi, na kwamba hakujitakia. Ilisema pia kwamba hakuna wajibu wa kumpatia nyumba, kwa kuwa ni mtu mzima mmoja mwenye afya, asiye na mtoto anayemtegemea. Angeondoka hotelini katika muda wa siku saba. Ukurasa wa pili ulieleza: *Mtoto aliondoka katika kaya tarehe 17 Desemba. Sababu ya kuondoka: amekwenda kuishi kwa jamaa.*

Aliusoma mstari huo mara nyingi. Kisha akavaa koti.

Pettifer alimpokea katika chumba kidogo cha mahojiano, chenye meza iliyopigiliwa sakafuni. Alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli; macho yake yalikuwa mekundu kidogo. Akamsogezea sanduku la karatasi laini.

"Hapa pameandikwa amekwenda kwa jamaa," Janine alisema. "Hana jamaa. Alikuwa hospitali. Halafu akarudi. Halafu akafa."

"Naelewa, Janine. Lakini hilo ni neno la kwenye orodha tu. Mtu akitoka kwenye kaya, mfumo unadai sababu. Ziko saba, na lazima moja ichaguliwe, la sivyo ukurasa haufungi."

"Kifo hakimo?"

"Kimo. Ila ni kifo cha mwombaji."

"Yaani mimi."

Pettifer alitazama kalamu zake. "Yaani wewe, ndiyo."

Janine hakubishania nyumba. Baadaye wenzake kazini walimlaumu kwa hilo, wakasema angeanza na nyumba, angetafuta wakili. Lakini kwa wakati ule hakuona nyumba wala barabara. Aliona tarehe. Kwa maandishi yale mwanawe alikuwa ameondoka siku kumi na saba kabla ya kufa, kwa miguu yake, kwenda kwa watu wasiokuwapo. Siku ya Krismasi hakuwa pale. Soksi zile hakuzivaa. Ukuta ule haukuwa na mtu wa kumkohoza. Alimwambia Pettifer kwamba anataka jambo moja tu, tarehe isahihishwe, iandikwe kwamba alikaa pale hadi tarehe tatu Januari.

Pettifer akamuuliza kama ana ushahidi. Aliuliza bila ukali, kama mtu anavyomuuliza mgeni kama amekuja na mwavuli.

*

Ushahidi ulikuwapo. Pale Wenlow wakaaji wote walitakiwa kutia sahihi mapokezi kila siku, kuonyesha kwamba bado wamo. Jina likikosekana siku mbili mfululizo, hotelini walipeleka taarifa halmashauri. Sahihi za watoto hazikuwa za lazima, lakini Bryony alikuwa ametaka yake, na Dorota alikuwa amemchorea mstari wake. Alipolazwa, mistari miwili ikabaki mitupu, yake na ya mama yake. Ya mama aliyerudi ilirekebishwa. Ya mtoto, mtu fulani aliiona nafasi yake, akaitumia kumwandika kuwa ameondoka.

Dorota alimsikiliza Janine, akafunga mlango wa mapokezi. Akavuta droo ya chini akatoa karatasi za sahihi zilizobanwa kwa kibanio. Mwenye hoteli alikuwa amemwagiza kuzitupa mwaka mpya ulipoingia.

"Sikuweza kuzitupa," alisema. "Chukua, dadangu. Usiseme umezipata kwangu."

Zilikuwa kurasa kumi na tano. Mwanzoni Bryony alikuwa ameandika jina lake kwa herufi kubwa, zilizotengana, kama watoto wanaofundishwa na mwalimu mkali. Kuelekea Desemba akaanza kuziunganisha, akaongeza mkia kwenye herufi ya mwisho, kama sahihi za watu wazima. Tarehe kumi na tisa mwandiko ulikuwa mdogo na ulilala ubavu. Siku ya Krismasi alikuwa amechora mikono miwili iliyovaa soksi. Sahihi ya tarehe pili Januari haikuwa na herufi ya mwisho; kalamu iliishia njiani, pengine kwa kikohozi, pengine aliitwa.

Janine alizisoma ndani ya basi akielekea halmashauri, akapitiliza kituo chake. Hakuwa na kitu kingine chenye mwandiko wa mtoto baada ya siku ya kufunga shule.

Pettifer alizipindua moja moja. Alipofika kwenye Krismasi alivua miwani. Ukutani saa ya umeme ilikuwa ikivuma kama nzi.

"Nikiigusa tarehe hii," alisema hatimaye, "si faili lako peke yake linalofunguka. Hesabu za robo ya mwaka zimekwisha kwenda London. Familia zenye watoto zilizozidisha wiki sita hotelini. Tulipeleka sifuri. Ni mara ya kwanza kwa miaka minne."

"Si sifuri. Ni moja."

"Sikatai."

"Basi andika moja."

Pettifer alitazama mlango, akashusha sauti. Kulikuwa na njia nyingine, alisema. Siku saba zile angeweza kuziomba ziwe kumi na nne. Kulikuwa na hosteli ya wanawake ng'ambo ya mto, safi, yenye hita nzuri, ambako angeweza kumwekea nafasi kwa huruma ya ofisi. Alihitaji sahihi yake chini ya barua tu, kwamba maelezo yaliyomo ameyasoma na ni sahihi. Alimgeuzia karatasi, akaweka juu yake kalamu mojawapo.

"Tukiandika hivi au tukiandika vile," alisema, "harudi, Janine. Wewe jiangalie sasa."

"Na wewe ukiandika moja," Janine alimuuliza, "utapungukiwa nini?"

Pettifer alisogeza kalamu karibu naye zaidi. Usoni kwake palikuwa na uchovu wa mtu aliyekwisha kujiuliza swali hilo, akalijibu, akaenda nyumbani kula.

Janine hakutia sahihi. Aliponyoosha mkono kuchukua karatasi zake, Pettifer alimwambia kwa upole kwamba zimekwisha kuwa sehemu ya faili. Ushahidi ukiwasilishwa hupigwa nakala, halafu mwenyewe hurudishiwa. Msichana wa dirishani akampa kipande cha stakabadhi: *Kurasa 15, zimepokelewa.*

Tarehe ishirini na moja alitoka Wenlow. Wapaka rangi walikuwa wanamngoja koridoni na ndoo ya chokaa nyeupe, wakapaka juu ya ukungu palepale ulipo, na kabla ya saa kumi jioni familia nyingine ilikuwa inapandisha mizigo. Alipishana nao ngazini, mwanamke na watoto wawili, mdogo akiwa mgongoni. Janine alisimama. Alikuwa na mengi ya kusema, akasema moja tu.

"Kitanda msikiweke kwenye ukuta wa dirisha."

Yule mwanamke alimshukuru kwa furaha, kama mtu aliyekaribishwa mjini.

*

Alilala kwenye kochi la mwenzake wa dobi, Pauline, kwa wiki tano, hadi mume wa Pauline akaanza kufungua na kufunga milango kwa kishindo. Kisha akawa anabaki kazini. Chumba cha kukaushia nguo kilikuwa na joto, na milima ya taulo ilikuwa laini kuliko vitanda vingi alivyovijua. Alizoea kulala huku mashine ya mwisho ikizunguka, kwa sababu mngurumo wake ulifunika kikohozi. Msimamizi alipomkuta, alimwambia anasikitika, lakini pale panalala wazee, kuna bima, kuna ukaguzi. Akampa barua ya kuachishwa kazi, na mkono wa kwaheri.

Barua zake sasa zilipokelewa na kanisa moja lililotoa supu mchana. Karatasi za Bryony zilikuwa hazijarudi. Alipofuatilia, alielezwa kwamba nakala zikishaingia kwenye mfumo, karatasi zenyewe huharibiwa baada ya siku thelathini. Kile cha kurudishiwa mwenyewe kilikuwa utaratibu wa zamani. Ila alikuwa na haki ya kuomba kilichoandikwa juu yake. Akaomba. Bahasha ilikuja mwishoni mwa Aprili, nene, naye akaifungulia kwenye meza ya kanisa, kando ya bakuli lake.

Kurasa kumi na tano zilikuwamo zote. Mstari wake, *J. Tolley*, ulikuwapo kila siku. Chini yake, kila siku, ulikuwapo mstari mwingine uliopakwa weusi mwanzo hadi mwisho. Siku ya Krismasi weusi ulikuwa sanduku zima. Waraka uliotangulia ulieleza kwamba taarifa za watu wengine zimefichwa kulinda faragha yao, kwa kuwa hawakutoa ridhaa.

Alizinyanyua moja moja dhidi ya mwanga wa dirisha. Ulikuwa wino wa mashine. Nyuma yake hapakuwa na kitu.

Mzee mmoja aliyekaa mkabala alimuuliza kama ni habari mbaya. Alimwambia ni mambo ya ofisi.

Mwezi Mei alirudi halmashauri kuomba upya, kwa kuwa mwanamke wa kanisani alisisitiza, na kwa kuwa mvua ilikuwa haijakatika kwa siku nne. Pettifer alikuwa amehamishiwa kitengo kingine, alipandishwa cheo. Dirisha lilikuwa na karani mpya, binti wa mkataba, kitambulisho chake kikisema Imogen, na kucha zake zilizopakwa njano zilikimbia juu ya vitufe kama ndege wanaodonoa. Aliuliza maswali kwa kufuata kioo cha kompyuta, bila kuinua macho. Jina. Usiku uliopita alilala wapi. Uraia. Maradhi.

"Kaya ya watu wangapi?"

Janine alikuwa amejiandaa kusema mmoja.

"Wawili."

Karani akamtaka jina la wa pili na tarehe ya kuzaliwa. Janine alivitaja. Vilitoka vizuri, bila kukwama, kama alivyozoea kuvitaja shuleni na kliniki. Karani alibonyeza, akangoja, akakunja uso.

"Huyu yumo tayari. Huku inaonyesha anaishi kwa jamaa, tangu Desemba." Akasogea karibu na kioo. "Kwa hiyo kwako siwezi kumhesabu. Lakini hawakujaza anwani. Sehemu imebaki wazi, na mfumo hauniruhusu kuendelea mpaka ijazwe. Unaijua anwani yake?"

Nyuma foleni ilikuwa imefika mlangoni. Janine alifungua pochi akatoa kadi ndogo ya kijivu aliyopewa na ofisi ya makaburi siku ya mazishi. Aliisoma kama ilivyoandikwa, bila kuongeza wala kupunguza.

"Barabara ya Hollin. Sehemu C, mstari wa kumi na moja, namba arobaini."

Karani akaandika. "Juu au chini?"

"Chini."

"Ana chumba chake, au analala na wengine?"

"Peke yake."

"Na ni makazi ya muda au ya kudumu?"

Janine alirudisha kadi ndani ya pochi, akaifunga.

"Ya kudumu."

Karani alibonyeza mara ya mwisho na kioo kikageuka kijani. Kwa mara ya kwanza aliinua uso, akatabasamu, tabasamu la wema kabisa.

"Afadhali," alisema. "Huyo basi ameshapata. Sasa tukuangalie wewe."